Mpenzi wa Staringi Anapokuwa Mweusi

Mashabiki wa tamthilia hawaishii kutazama. Huamua pia nani ampate nani. Humpigia debe wanayemtaka, hutunga hadithi zao za kuwaoanisha wahusika, na humshambulia wanayemwona kizuizi. Katika tamthilia za Marekani na Uingereza, mara nyingi huyo kizuizi ni mwanamke mweusi, hata pale mtunzi alipompa nafasi ya mpenzi halali.

Mfano ulio wazi zaidi ni Iris West wa The Flash, tamthilia ya Marekani iliyorushwa kuanzia 2014 hadi 2023. Katika vitabu vya katuni Iris alitokea mwaka 1956 akiwa mzungu, mchumba na hatimaye mke wa staringi, Barry Allen. Nafasi hiyo alipopewa Candice Patton, Mmarekani mweusi, penzi lilibaki lilelile na ndoa ikafungwa. Yaliyobadilika ni mapokezi. Patton alitukanwa kwa rangi yake, na baadhi ya mashabiki wakamchagulia Barry mwenzake wa kazini, Caitlin Snow, ambaye ni mzungu. Mwaka 2022 Patton alieleza kwamba tangu msimu wa pili aliwahi kufikiria kuondoka, na kwamba hakupata ulinzi aliouhitaji kutoka kwa waajiri wake.

Ubaguzi wa aina hii haujitaji kwa jina. Wachache husema hawamtaki kwa kuwa ni mweusi. Wengi husema hawaendani, hana mvuto, anamrudisha nyuma staringi. Kila lawama, ikisimama peke yake, inaweza kuwa maoni ya kawaida ya mtazamaji. Kinachotia shaka ni kwamba mwenzake mweupe husifiwa kwa tabia ileile: mweupe akijitetea ni jasiri, mweusi akijitetea ana jeuri.

Kuna pia kumkataa kwa kumsifu, na huku ndiko kugumu zaidi kutambulika. Mwanamke mweusi huambiwa ana nguvu mno, hahitaji mwanamume, kazi yake ni kuwaokoa wengine. Watunzi nao wamechangia. Katika riwaya za The Vampire Diaries za L. J. Smith, Bonnie ni msichana mzungu mwenye nywele nyekundu, na kati yake na Damon kuna mvuto wa kimapenzi. Katika tamthilia ya 2009 hadi 2017, ambamo Bonnie aliigizwa na Kat Graham, mweusi, alikuwa mchawi wa kujitoa mhanga kwa ajili ya marafiki, na mapenzi yake mwenyewe yakapewa nafasi finyu.

Jukwaani hali si tofauti. Mwaka 2024, Francesca Amewudah-Rivers alipotangazwa jijini London kuwa Juliet, mkabala na Tom Holland, alimiminiwa matusi ya kibaguzi kiasi kwamba kampuni ya maigizo ilitoa tamko la kumtetea. Waigizaji weusi zaidi ya 800, wengi wao wanawake, walitia saini barua ya kumuunga mkono.

Afrika Mashariki haiko mbali na jambo hili. Lupita Nyong'o, Mkenya, alisimulia mwaka 2014 kwamba utotoni alimwomba Mungu aamke akiwa na ngozi nyeupe zaidi, mpaka alipomwona mwanamitindo Alek Wek wa Sudan Kusini akisifiwa duniani. Miaka minne baadaye alikuwa Nakia, mpenzi wa mfalme katika Black Panther, na weusi wake haukuhitaji kuelezwa wala kutetewa ndani ya hadithi.

Mtazamaji wa Izigo, wilayani Muleba, Tanzania, ameletewa na televisheni mapenzi ya watu wa mbali kwa Kiswahili: Doudou na Mama Wakwe Zake ya China kupitia TBC mwaka 2011, kisha tamthilia za Kituruki kupitia Azam. Humo mwanamke mweusi hakataliwi, kwa kuwa hayumo kabisa. Tamthilia za nyumbani kama Huba na Jua Kali zimemrudishia nafasi ya kupendwa, kugombaniwa na kuolewa. Lakini hata katika penzi la weusi watupu upimaji haukomi, maana mweupe kidogo bado huitwa mrembo kabla hajaigiza lolote, na mkorogo wa kujichubua, ambao viambato vyake vikali kama zebaki vimepigwa marufuku nchini, bado una wanunuzi.