Neno "Luku" na Kazi ya Mchambuzi wa Umeme

Katika Tanzania neno "luku", lililoundwa kwa herufi za mwanzo za "Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo", limekwisha kuwa jina la kawaida: watu hununua luku, na luku huwaishia. Mteja hulipa, hupewa tarakimu 20, naye huziingiza katika mita. Kwa mita ya kawaida ya namna hii, habari huenda upande mmoja tu: shirika hujua kiasi kilichonunuliwa, lakini halijui saa kilipotumiwa.

Mchambuzi wa takwimu za gridi huihitaji saa hiyo. Umeme hauna budi kuzalishwa sawasawa na utumiwavyo kila nukta, nalo jua huchwa wakati taa zinapowashwa. Kwa hiyo hutakiwa mita ipelekayo habari zake yenyewe.

Kwa kufuata "simu janja", mita hiyo huweza kuitwa "mita janja". Lakini ujanja ni hila pia, na takwimu za saa huonyesha hata wakati nyumba isipokuwa na mtu. Mchambuzi, basi, pamoja na hesabu zake, hana budi kumweleza mteja habari hizo hukusanywa kwa ajili gani. Na maelezo hayo hutolewa kwa Kiswahili.