Kompyuta ya studio Kahama na Geita: uliza kizazi, usinunue kibandiko

Ukanda wa dhahabu una wateja wa muziki. Tangu mwaka 2019 wachimbaji wadogo wamekuwa wakiuza dhahabu yao kwenye masoko ya madini. Pamba na mpunga huleta fedha kwa msimu, na mavuno yakishaingia ghalani ngoma za Kisukuma huanza na waimbaji hutafuta pa kurekodi. Studio ya chumba kimoja Kahama, Geita au Katoro ni biashara inayowezekana kwa kijana mwenye mtaji mdogo. Mtaji huo hupotea mapema pale anaponunua kompyuta mpya ya bei rahisi, au ya mtumba yenye kibandiko cha i7, bila kuuliza itafanya kazi gani. Kwa bei ya chini, kompyuta mpakato iliyotumika ofisini, kama ThinkPad, Latitude au EliteBook, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 8, RAM ya GB 8 na diski ya SSD, inaishinda mpya ya bei hiyo hiyo.

Sababu iko kwenye kazi yenyewe. Sauti ya kawaida ya studio ina sampuli 44,100 kwa sekunde, na kompyuta huzishughulikia kwa mafungu. Prodyuza akiweka bafa, yaani ukubwa wa fungu, ya sampuli 256, prosesa ina chini ya milisekunde 6 kumaliza hesabu za ngoma, besi, mwangwi na sauti zote za waimbaji. Ikichelewa, spika zinakwaruza. Bafa ikiongezwa mkwaruzo unapungua, lakini mwimbaji anajisikia kwa kuchelewa kwenye hedifoni na anatoka nje ya mdundo. Kompyuta nyingi mpya za bei ya chini zina prosesa kama Celeron N4020 yenye koa (viini vya kuchakata) 2 tu, na RAM ya GB 4 iliyochomelewa isiyoongezeka. Kibandiko nacho hudanganya: i7-7500U ya kizazi cha 7 ina koa 2, wakati i5-8250U ya kizazi cha 8 ina koa 4. Anayelipa zaidi kwa ajili ya jina la i7 anaweza kuwa amenunua nusu ya koa hizo.

Wapo watakaosema singeli ya Dar es Salaam ilitoka kwenye vifaa hafifu na bado ikafika duniani, kama albamu ya Sounds of Sisso ilivyotolewa Kampala na lebo ya Nyege Nyege Tapes mwaka 2017. Ni kweli, na ni heshima kubwa kwa vijana wale. Lakini singeli hujengwa sana kwa vipande vifupi vinavyorudiwa, ilhali wimbo wa Kisukuma ni mrefu, una kiongozi na waitikiaji, na kila sauti hurekodiwa kwenye njia yake. Simu nayo inafaa kunasa wazo la biti. Kazi ya mteja aliyelipa inaomba zaidi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mtumba hauna uhakika: betri imechoka, na vumbi la barabara za migodini limejaa kwenye feni. Hilo halikanushiki. Hata hivyo mashine za ofisini zilitengenezwa zifunguliwe. Fundi hubadilisha betri, husafisha feni na mara nyingi huongeza RAM. Kompyuta ya mezani hutoa nguvu zaidi kwa fedha ile ile, ila umeme ukikatika katikati ya kurekodi, bila UPS kazi imepotea. Kizazi cha 8 kina faida nyingine: kinakubali Windows 11, na Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Programu isiwe kisingizio cha kuweka nakala za wizi, ambazo huja na virusi na kuhatarisha nyimbo za wateja. LMMS ni ya bure, Reaper huuzwa dola 60 kwa studio ndogo, na anayenunua FL Studio hupata matoleo yote yajayo bila kulipa tena. Fedha inayobaki inunue kadi ya sauti na hedifoni, maana maikrofoni nzuri haifai kitu bila hivyo viwili. Na kabla ya kulipa dukani, mwambie muuzaji awashe mashine, fungua mradi wenye njia nyingi, weka bafa ya 256 na usikilize wimbo mzima. Ikikwaruza, usiinunue.