Haki ya Walemavu katika Misaada ya Leta



Kila mmoja wetu aliyefanya kazi katika parokia amekwisha kuona siku ya kugawa posho. Malori yamefika, kuna unga, maharagi, mafuta na chumvi. Mkubwa wa kazi anapanda juu ya kiti, anasoma majina kwa sauti kubwa. Anayeitika anapewa; asiyeitika, jina lake linafutwa. Jioni karani anafunga kitabu na kusema: «Wote wameitwa, hakuna aliyebaguliwa.»

Je, ni kweli? Kiziwi hakusikia jina lake. Kiwete alikuwa bado njiani, anatambaa katika matope. Kipofu alimpa jirani karatasi yake ya kupokelea, naye jirani akamletea nusu ya unga. Mama mwenye mtoto asiyeweza kuachwa peke yake hakupata mtu wa kumlinda. Majina yao yalikuwamo katika kitabu, lakini posho haikufika nyumbani mwao. Sisi wenyewe tumesimamia ugawaji wa namna hii, na usiku ule tulilala usingizi mzuri. Siku ya tatu katekista mmoja alituuliza: «Padri, na wale wasiokuja?» Ndipo tulipofahamu kosa letu. Kwa sababu hiyo tunataka kueleza hapa haki ya walemavu katika misaada ya Leta, na kazi inayotupasa sisi.

Haki, si sadaka

Kwanza tupambanue mambo mawili. Sadaka ninaitoa katika mali yangu, nikiitoa, ninashukuriwa. Lakini msaada wa Leta si mali ya karani anayeugawa, wala ya padri anayesaidia kuugawa. Ni mali ya watu wote. Mlemavu anayekuja mbele ya meza ya biro haombi. Anakuja kuchukua fungu lake. Anayemfungia mlango hakukosa huruma tu, amekosa haki. Na tulijifunza katika filosofia kwamba haki ni nia imara ya kumpa kila mtu kilicho chake.

Fundisho hili si geni katika Eklezya. Mwaka 1963 Papa Yoane XXIII, katika barua yake Pacem in Terris, alihesabu kati ya haki za mtu ile ya kusaidiwa anapokuwa mgonjwa, anapopata ulemavu kazini, anapofiwa na mume, anapozeeka, au anapokosa riziki pasipo kosa lake.

Sheria za nchi yetu zinasema vilevile. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inawapa wazee na walemavu haki ya kulindwa kwa namna inayopatana na mahitaji yao. Mwaka huohuo, tarehe 13 Desemba, Umoja wa Mataifa ulikubali Mapatano juu ya haki za watu wenye ulemavu. Kongo ilijiunga nayo mwaka 2015. Kifungu chake cha 28 kinataja chakula, mavazi, nyumba na maji safi, na kinataka walemavu waifikie misaada ya Leta pasipo ubaguzi. Mwishowe, tarehe 3 Mei 2022, ilitolewa sheria n° 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki za mtu mwenye ulemavu.

Maana ya usawa

Mtu mmoja atasema: «Padri, mali ni haba. Tukimtengea kiwete mahali pake, je, hatuwabagui wengine?» Ni swali la haki, tulijibu.

Tukumbuke birika la Betesda katika Evanjili ya Yoane, sura ya 5. Mtu yule alikuwa mgonjwa miaka 38. Hakuna aliyemkataza kuingia majini. Lakini kila mara mwingine alimtangulia, kwa maana hakuwa na mtu wa kumtia birikani. Kanuni ilikuwa moja kwa wote, na kwa sababu ya kanuni hiyo yeye hakupata kitu.

Basi, usawa si kumtendea kila mtu kwa namna ileile. Usawa ni kila mtu afikie kitu kilekile. Kumpelekea kipofu unga nyumbani si kumpa zaidi. Ni kumpa kilo zilezile anazopata jirani yake. Mapatano tuliyoyataja yanakwenda mbele zaidi: kukataa kufanya badiliko dogo linalowezekana, lisilo mzigo mzito kupita kiasi, huko kwenyewe ni ubaguzi, hata kama hakuna aliyetamka neno baya.

Vizuizi vinne

1. Vizuizi vya njia na nyumba. Biro iko juu ya ngazi. Mlango wa choo ni mwembamba. Mahali pa kugawia ni mbali na mtaa.

2. Vizuizi vya habari. Tangazo la redio halimfikii kiziwi. Karatasi iliyobandikwa ukutani haimfikii kipofu. Tangazo moja tu daima linamwacha mtu.

3. Vizuizi vya hati. Sheria inawapa wazazi siku 90 za kumwandikisha mtoto aliyezaliwa. Lakini wazazi wengine wanaona haya, wanamficha mtoto mlemavu, hawamwandikishi. Akikua, biro haimjui. Mtu asiyekuwamo katika kitabu hahesabiwi wakati wa kugawa.

4. Vizuizi vya moyo. Hivi ni vibaya kuliko vyote. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ya Leta ni bure. Malipo yameondolewa, lakini ngazi zimebaki, na neno hili limebaki pia: «Huyu atajifunza nini?» Wanaosema hivyo waende Goma, kwenye mpaka wa Rwanda. Wataona walemavu wakivusha mizigo ya biashara juu ya kinga za magurudumu matatu, wakilisha watoto wao kwa jasho lao.

Sheria inaweza kulala

Tusidhani kwamba sheria ikiandikwa kazi imekwisha, wala kwamba ni kwetu tu inapolala. Tutazame Marekani, nchi yenye mali nyingi. Mwaka 1973 walitunga sheria. Kifungu chake cha 504 kilikataza kumtenga mlemavu katika kazi yoyote inayosaidiwa kwa fedha za serikali kuu. Lakini kanuni za kuitimiza hazikutiwa sahihi, na miaka ikapita. Mwezi wa Aprili 1977 walemavu zaidi ya mia moja, na rafiki zao, waliingia katika jengo la serikali mjini San Francisco, wakakaa humo karibu majuma manne. Mmoja wa viongozi wao, Judith Heumann, alikuwa amepooza kwa polio tangu utoto. Tarehe 28 Aprili 1977 waziri Joseph Califano alitia sahihi.

Tunajifunza nini? Kwamba sheria inaamshwa na wale inaowahusu, wakisimama pamoja na rafiki. Sheria yetu ya mwaka 2022 nayo inangoja rafiki wa namna hiyo.

Kazi yetu

Mara nyingi sisi na wakatekista wetu ndio tunaoombwa kusaidia kuandika majina. Basi tufanye haya:

Kwanza, mkubwa wa kila shirika apite nyumba kwa nyumba, aulize pia juu ya wale walio chumbani. Asiwaulize wazazi tu; azungumze na mlemavu mwenyewe, maana yeye ndiye anayejua kinachomzuia.

Pili, tuwahimize wazazi kuandikisha watoto wote. Siku ya ubatizo ni nafasi nzuri ya kuwauliza kama wamekwisha kwenda biro.

Tatu, siku ya kugawa, waliochelewa kwa ulemavu wasifutwe. Kuwe na kivuli, kiti, mtu wa kuandika kwa ajili ya viziwi, na vijana wa kubeba. Anayepokea kwa niaba ya mwingine afuatwe mpaka nyumbani, mzigo upimwe huko.

Nne, mlemavu akikataliwa katika biro, tumsindikize. Tusiende kumwombea huruma. Twende na namba ya sheria, tuulize kwa adabu imetimizwa namna gani.

Tano, tuanze kwetu. Tupime milango ya makanisa yetu, ya madarasa yetu, hata ya seminari. Tutawezaje kumwambia karani aondoe ngazi zake, na zetu ziko pale?

Ndugu waseminari, kesho mtapewa vitabu vya majina na funguo za bohari. Mtakapomaliza kugawa, kabla ya kufunga mlango, ulizeni kama yule katekista: «Na wale wasiokuja?» Kisha chukueni gunia, mkawatafute.