Kamati ya Shule ni Amana: Yaliyotukia Katika Mkutano Mmoja wa Kariakoo

Mtu apitaye Kariakoo asubuhi, akitoka Mnazi Mmoja kuelekea Msimbazi, huona maduka, mikokoteni, magunia na wachuuzi waliotandaza bidhaa zao mpaka njiani. Aghalabu haoni shule. Lakini shule zipo. Zimo nyuma ya kuta, katikati ya magorofa, na ndani yake wamo watoto kwa mamia wakisoma huku honi zikilia na wauzaji wakiita wateja. Shule hizo zina vyoo vizibavyo, madawati yavunjikayo, ankara za maji na mapaa yavujayo. Ni nani ashughulikaye na mambo hayo? Wazazi wengi wakiulizwa hujibu: "Serikali." Jibu hilo si kosa, ila halikutimia. Yupo mwingine aliyekabidhiwa, naye ni Kamati ya Shule; na kamati hiyo ni sisi wenyewe.

Mimi ni mwalimu wa madrasa. Watoto niwafundishao alasiri ndio hao hao wasomao shule asubuhi, na kwa sababu hiyo wazazi walinichagua niingie katika kamati ya shule moja ya msingi ya mtaani kwetu. Jina la shule sitalitaja, wala la mtu yeyote, maana nia yangu si kumfedhehesha mtu. Nataka wasomaji wetu wajue kazi hii ikoje, na jinsi mtu mwenye nia njema awezavyo kuteleza.

WAZEE WETU WALITANGULIA

Kujishughulisha na majengo ya shule si jambo jipya katika mji huu. Mwaka 1933 wazee wa Dar es Salaam, miongoni mwao marehemu Kleist Sykes na Mzee bin Sudi, waliunda Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika. Jambo walilolipa uzito mkubwa lilikuwa shule, ili mtoto wa Kiislamu apate dini yake na elimu ya dunia pasipo kuacha moja kwa ajili ya nyingine. Wakaijenga kwa michango yao katika New Street, njia tuiitayo leo Lumumba. Mwaka 1945 ikaundwa East African Muslim Welfare Society kwa uongozi wa Aga Khan, Sultan Mohamed Shah, nayo ikasaidia shule na misikiti katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki. Utaratibu wake ulikuwa wa busara: Waislamu wa mahali wachange kwanza, kisha waongezewe kiasi kilicho sawa na chao. Jumuiya hiyo ilipigwa marufuku Tanzania mwaka 1968, lakini funzo lake halikupigwa marufuku: asiyeanza kutia mkono wake mfukoni hana haki ya kulalamika juu ya mkono wa mwenziwe.

Baadaye mambo yalibadilika. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitia mikononi mwa Serikali shule zilizokuwa chini ya mashirika ya dini na kupata ruzuku yake, na Sheria ya Elimu Namba 25 ya mwaka 1978 ikaweka kamati katika kila shule ya msingi ya Serikali. Zaidi ya miaka 20 ikapita, na kamati nyingi zilikuwa za jina tu. Ndipo ulipokuja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi wa mwaka 2002 hadi 2006. Ada zilifutwa, watoto wakafurika madarasani, na kamati zikapewa kazi ya kweli: kupanga, kupokea fedha, kusimamia ujenzi na kutoa hesabu. Na tangu ulipotoka Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ulioleta elimu bila malipo, mzazi halazimishwi kuchanga; akichanga, iwe ni kwa hiari yake.

HESABU YA SHULE

Na tuitazame hesabu, kwa sababu wengi husema pasipo kuhesabu. Ruzuku ya uendeshaji iliwekwa kuwa Sh. 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Katika hizo Sh. 4,000 ni za vitabu, na Sh. 6,000 ndizo zifikazo shuleni. Basi shule yenye watoto 1,000 yapata Sh. 6,000,000 kwa mwaka, yaani Sh. 500,000 kwa mwezi. Humo mna chaki, karatasi, mitihani, michezo, usimamizi na ukarabati wote. Mwenye nyumba yeyote wa Kariakoo aliyewahi kumwita fundi bomba ajua kwamba fedha hizo si nyingi.

Sasa tazama yatakiwayo. Kanuni yasema tundu moja la choo kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Kama watoto 1,000 ni nusu kwa nusu, yatakiwa matundu 25 ya wasichana na 20 ya wavulana, jumla 45. Darasa moja lapasa kuwa na watoto 45, basi yatakiwa madarasa 23. Ardhi ya kuyajenga i wapi? Nyumba za zamani za Kiswahili zenye ua nyuma zimevunjwa, pamesimama magorofa, na hata hatua moja ya ardhi hapa ina bei yake. Uwanja wa shule ndio mahali pekee palipobaki wazi, na kila mwenye mtaji apitaye hapo huutazama mara mbili.

MKUTANO WENYEWE

Siku ya Jumamosi, saa 4 asubuhi, kamati yetu ilikutana katika darasa la kwanza, nasi watu wazima tukajikunja katika madawati ya watoto. Mwalimu mkuu, ambaye ndiye katibu, alisoma kumbukumbu za mkutano uliopita, kisha hesabu ya ruzuku. Tukaongea juu ya madawati 14 yaliyovunjika, na mjumbe mmoja, seremala mstaafu, akakubali kuyatengeneza kwa bei ya mbao na misumari tu. Tukaongea juu ya ankara ya maji. Hayo yakapita upesi.

Kisha tukafika kwenye vyoo. Wasichana wetu walikuwa 400, nao wahitaji matundu 20. Yaliyokuwa yakitumika ni 7. Mama mmoja auzaye vitenge Mtaa wa Kongo akasimama akasema, "Mwalimu, binti yangu yu darasa la saba. Akiwa katika siku zake haji shule, kwa kuwa hana pa kujistiri. Kila mwezi apoteza siku tatu. Je, mtihani utamngoja?" Hapana aliyeweza kumjibu.

Hapo ndipo katibu aliposoma barua. Mfanyabiashara mmoja wa jirani aliomba apewe ukanda wa uwanja ulio kando ya barabara ajenge fremu 10 za maduka. Yeye kwa upande wake angejenga matundu 12 ya vyoo vya wasichana katika miezi miwili, kwa fedha zake mwenyewe, na baadaye kulipa kodi "kama tutakavyoelewana." Alitaka jibu wiki ile ile, akasema hakuna haja ya makaratasi mengi baina ya majirani.

Nakiri mbele ya wasomaji kwamba mimi nilikuwa wa kwanza kuunga mkono. Nilimjua mtu huyo. Alikuwa akinunua umeme wa madrasa yangu kila mwezi, na mikeka tukaliayo ilitoka kwake. Nikasema, "Ndugu wajumbe, hii ni neema imekuja yenyewe. Watoto waangaika, tusiiache." Wengi wakatikisa vichwa kukubali.

Bibi mmoja, mjumbe mkongwe kuliko sisi sote, ambaye mwenyewe alisoma shuleni hapo, akauliza kwa upole, "Maalim, kile kibanda cha mabati pale nyuma ni cha nani?"

Twakijua kibanda hicho. Kimejaa maboksi ya bidhaa, nacho kimekaa mahali palipokuwa bustani ya watoto. Hatukuwa na jibu. Bibi akamwomba mwalimu mkuu atoe daftari za zamani kabatini. Ikatafutwa, ikapatikana ile ya mwaka 1994, na humo mna mstari mmoja tu: "Imekubaliwa apewe nafasi ya kuhifadhi mizigo." Apewe nani, kwa muda gani, kwa malipo gani, haikuandikwa. Bibi alikumbuka kwamba ilikuwa kwa miezi 6. Waliokubaliana wamekwisha tangulia mbele ya haki, na aliyemo ndani leo asema alinunua kwa mwingine.

Ndugu zangu, niliona haya. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, yatuamrisha kuyaandika madeni yenye muda, kuweka mwandishi mwadilifu na kuleta mashahidi. Nimeifundisha aya hiyo kwa miaka mingi. Watoto wadogo waisoma kwa moyo mbele yangu. Na mimi, mwalimu wao, nilikuwa nimeinua mkono kuitoa ardhi ya watoto 800 kwa neno la mdomo, kwa sababu mtoaji ni rafiki yangu. Tena twajua sote habari ya msikiti wa Madina: kiwanja chake kilikuwa cha mayatima wawili, nao walitaka kukitoa bure, lakini Mtume, rehema na amani zimshukie, hakukubali ila kwa kukinunua. Mali ya mtoto haichukuliwi kwa wema wa maneno.

UAMUZI NA GHARAMA YAKE

Tukaamua mambo matatu. Kwanza, mfanyabiashara aandikiwe kwa heshima kwamba uwanja si mali ya kamati. Ni ardhi ya umma iliyo chini ya Halmashauri ya Jiji, na mwenye ombi ampelekee Mkurugenzi. Pili, sehemu ya ukarabati katika ruzuku ifungue matundu 4 yaliyokuwa yameziba. Tatu, uitishwe mkutano wa wazazi, wachange kwa hiari na kupewa stakabadhi, wala mtoto yeyote asirudishwe nyumbani kwa mchango.

Matundu 4 yalifunguliwa kabla mwezi haujaisha, yakawa 11. Michango ya wazazi ikaleta mengine 3, yenye mlango, komeo na maji ya kunawa. Basi tuna 14, na 6 bado. Kibanda cha nyuma tumekiandikia Halmashauri, na majibu twayangoja. Yule mfanyabiashara hakupeleka ombi lake popote. Umeme wa madrasa sasa tunaununua wenyewe, na akinikuta njiani hunijibu salamu kwa ufupi. Namwombea heri, kwa maana mikeka yake bado twaikalia.

Jambo moja bado lanikaa moyoni. Yule mama wa vitenge alinikuta baada ya sala ya Ijumaa nje ya msikiti, akaniambia, "Maalim, uwanja mmeuhifadhi, na mmefanya vyema. Lakini muhula ule binti yangu aliukosa kwa siku nyingi, nao haurudi." Amesema kweli. Haki tuliyoilinda ilikuwa na gharama, na aliyeilipa ni mtoto. Laiti kamati ingalikuwa ikipanga mapema, mwaka hadi mwaka, tusingalifika mahali pa kuchagua baina ya stara ya binti na uwanja wake.

Kwa hiyo nawausia wazazi wenzangu. Mkiitwa mkutano wa shule, nendeni, hata kama duka litafungwa kwa saa mbili. Tazameni ubao wa matangazo, maana mapato na matumizi ya shule yapasa kubandikwa hapo; yasipokuwapo, ulizeni kwa adabu. Wachagueni katika kamati watu wawezao kusema "hapana" mbele ya rafiki. Na ninyi wajumbe, andikeni kila kitu: jina, muda, kiasi na tarehe. Atakayelifungua daftari lenu miaka 30 ijayo hatawajua kwa sura wala kwa sauti. Atawajua kwa mlichokiandika.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu katika amana za watoto wetu. Amin.