Penseli, Kalamu na Chungu cha Bibi

Paukwa! Pakawa!

Wapwa zangu, sogeeni. Hapo zamani, tena si zamani sana, Penseli na Kalamu waliishi ndani ya mkoba mmoja wa shule huko Marekani. Mwenye mkoba alikuwa msichana wa sekondari. Siku moja ya mwezi Mei, alikwenda kufanya mtihani wa historia ya nchi yake.

Mtihani ule si mchezo. Unatungwa na taasisi iitwayo College Board, na wanafunzi wa majimbo yote huufanya. Unachukua saa 3 na dakika 15. Alama ya juu ni 5, na ya chini ni 1. Historia yenyewe inaanzia mwaka 1491 na kufika mpaka siku hizi.

“Mjomba, mbona 1491? Columbus si alifika 1492?”

Hongera! Anayeuliza hivyo tayari ana jicho la mwanahistoria. Sikiliza. Kabla Columbus hajatia nanga ng’ambo ile, nchi zile zilikuwa na wenyewe. Walilima mahindi, walifanya biashara, walijenga miji. Ukianzia 1492, utadhani historia ilishuka kutoka merikebuni. Haikushuka merikebuni. Ilikuwa imekaa pale siku nyingi.

Haya, mtihani ukaanza. Penseli ndiye aliyetangulia. Maswali 55, dakika 55. Kila swali lina majibu manne, lililo sahihi ni moja. Penseli akaweka kivuli kwenye kiduara, akahamia kingine, akahamia kingine, mpaka ncha ikawa butu.

Kisha ikaja zamu ya Kalamu. Kalamu aliandika majibu mafupi, halafu insha mbili. Kwa insha moja, mwanafunzi hupewa hati 7. Zinaweza kuwa barua, hotuba, picha au ramani. Azisome, azipime, kisha ajenge hoja yake. Swali la namna hiyo liliingia kwenye mtihani ule mwaka 1973, na mpaka leo ndilo linalowatoa wanafunzi jasho.

Siku kadhaa zikapita. Wanafunzi wakakutana wakati wa chakula cha mchana. Nanyi mnajua kinachofuata: “Wewe umejibu nini?” “Na wewe je?”

Penseli akataka kurukia maneno. Kalamu akamzuia. “Ndugu yangu, maswali yako hayaruhusiwi kusimuliwa. Huenda yakatumika tena, na wengine bado hawajaufanya mtihani. Ya insha yameshatangazwa. Tuwasikilize.”

Swali lilikuwa la namna hii: Mapinduzi ya Marekani, vita vilivyoanza 1775 na kuuondoa utawala wa Uingereza, yaliibadilisha jamii kwa kiasi gani?

Msichana akasema, “Mimi nimeandika kwamba yaliibadilisha sana. Utawala wa mfalme uliondoka. Na huko Pennsylvania, mwaka 1780, ilipitishwa sheria ya kuumaliza utumwa kidogo kidogo.”

Mvulana mmoja akatikisa kichwa. “Mimi nimeandika kwamba yalibadilisha kidogo tu. Utumwa haukupigwa marufuku nchi nzima mpaka 1865. Na wanawake? Katiba haikuwalinda katika haki ya kupiga kura mpaka 1920.”

Ndani ya mkoba, Penseli akashtuka. “Kalamu! Mmoja amekosa! Ni yupi?”

Kalamu akajibu, “Usiulize nani amekosa. Uliza, ushahidi uko wapi?”

“Lakini Mjomba, majibu mawili yanayopingana yatapataje alama yote mawili?”

Swali zuri hilo, tena zuri sana! Njoo uani kwa bibi. Chungu kimevunjika. Mtoto mmoja anasema, “Ni paka.” Wa pili anasema, “Ni figa limelegea.” Wa tatu anasema, “Chungu kile kilikuwa muhimu sana.” Bibi anawauliza, “Ushahidi uko wapi?” Wa kwanza anamwonyesha nyayo za paka kwenye majivu. Wa pili anamwonyesha figa lililoinama. Wote wawili bibi atawasikiliza, maana paka aliruka, na figa nalo lilikuwa limelegea. Wa tatu je? Hakudanganya. Lakini hakujibu alichoulizwa.

Na bibi ni mjanja. Anamtazama yule wa paka, anamuuliza, “Mpira huu uliokuwa unaucheza uani ni wa nani?” Hajamwita mwongo. Anataka kujua anayesema ni nani, alikuwa wapi, na ana sababu gani ya kusema hivyo.

Ndivyo hati za historia zinavyosomwa. Shika barua moja ya kweli. Mwezi Machi 1776, Abigail Adams alimwandikia mumewe, John, aliyekuwa Philadelphia kwenye baraza la viongozi. Alimwomba wanawake wakumbukwe katika sheria mpya. Mumewe alimjibu kwamba ombi lile limemchekesha. Sasa jiulize. Nani ameandika? Kamwandikia nani? Kwa nini? Barua ile inaonyesha kwamba fikra mpya zilikuwa zimeingia mpaka majumbani. Jibu la mumewe linaonyesha kwamba mlango ulikuwa bado umefungwa. Msichana angeweza kuitumia. Mvulana naye angeweza kuitumia.

Pale mezani, rafiki yao wa tatu akasema, “Mimi nimeandika kwamba mapinduzi yalikuwa muhimu sana.” Wenzake wakamuuliza kwa upole, “Ushahidi uko wapi?” Akanyamaza, akafikiri. Kisha macho yakang’aa. “New Jersey! Baada ya mapinduzi, wanawake wenye mali walipiga kura kule. Halafu mwaka 1807 wakanyang’anywa haki hiyo!”

Msichana akadakia, “Unaona? Mabadiliko yalikuwepo!”

Mvulana akadakia, “Unaona? Hayakudumu!”

Wote wakacheka, kisha wakaanza kubishana upya. Safari hii kila mmoja alikuwa na hoja nzito kuliko ile aliyoiandika.

“Sasa Mjomba, nani alishinda?”

Mwezi Juni walimu wa sekondari na wa vyuo vikuu husahihisha insha hizo. Hawaulizi, “Mtoto huyu yuko upande gani?” Wanatazama kama ana hoja iliyo wazi na ushahidi wa kuibeba. Msichana anaweza kupata. Mvulana anaweza kupata. Na aliyeikumbuka New Jersey mezani tu, mwaka mwingine ataandika vizuri zaidi.

Tangu 2025 mtihani ule unafanywa kwenye kompyuta, kwa hiyo Penseli na Kalamu wamepumzika. Lakini swali la Kalamu, “Ushahidi uko wapi?”, bado linafanya kazi. Kwa hiyo, wapwa zangu wadadisi, mkitoka kwenye mtihani na mwenzako ana jibu tofauti na lako, usikimbilie kumcheka, wala usikimbilie kulia. Kwanza muulize ushahidi wake uko wapi. Kisha mwonyeshe na wako.