Vyakula vya Kihindi na wakati wake, kutoka Gujarat hadi Maniema

Chapati, sambusa, pilau, biriani na bajia ndivyo vyakula vya Kihindi vinavyojulikana zaidi katika nchi zinazosema Kiswahili. Vimekaa jikoni muda mrefu hata walaji wengi huvihesabu kuwa vya kwao. Lakini vilipovuka bahari havikubadilika ladha tu, bali pia wakati wa kuliwa. Kinacholiwa kila siku India kimekuwa chakula cha wageni na sikukuu huku, na kinachongojewa mpaka mvua inyeshe kule, huku kinauzwa jioni yoyote kando ya barabara.

Njia mbili za kuingia

Njia ya kwanza ni ya biashara. Katika karne ya 19 wafanyabiashara kutoka Gujarat na Kutch walikuwa na maduka na ghala Unguja, Mombasa na Bagamoyo. Baadhi yao ndio waliokopesha mitaji ya misafara ya bara. Tajiri Taria Topan wa Unguja, kwa mfano, alimkopesha Tippu Tip, kiongozi wa misafara, bidhaa za safari zake. Misafara hiyo ilipita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kufika Nyangwe na Kasongo, katika nchi ambayo leo ni jimbo la Maniema. Waungwana, yaani watu wa misafara waliokaa huko, walilima mpunga, wakaeneza Kiswahili na Uislamu, na pamoja navyo desturi za mezani za watu wa pwani. Ndiyo maana wali una heshima kubwa Maniema, na ndiyo maana jimbo hilo linajulikana kuwa ngome ya Uislamu nchini Kongo.

Njia ya pili ni ya reli. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walijenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria wakitumia vibarua wapatao 32,000 kutoka India, wengi wao watu wa Punjab. Wengi walirudi kwao kazi ilipokwisha, lakini maelfu walibaki, na wengine wakaja baadaye kufungua maduka katika miji midogo ya Kenya na Uganda. Duka la Mhindi liliuza unga wa ngano, dengu, bizari na samli, na kwa njia hiyo jirani Mwafrika akapata vitu vya kupikia mapishi yaleyale nyumbani kwake.

Asubuhi

Kaskazini mwa India chapati ni chakula cha kila siku. Hukandwa kwa unga wa ngano isiyokobolewa, maji na pengine chumvi kidogo, kisha huchomwa juu ya chuma kikavu bila mafuta. Huliwa na mboga au dengu, mchana na usiku. Chapati ya Afrika Mashariki ni nyingine: unga ni mweupe, donge husukumwa, hupakwa mafuta, huviringishwa na kusukumwa tena ili ipate tabaka, halafu hukaangwa. Kwa mapishi hayo inafanana zaidi na paratha, ambayo Wahindi wengi huila asubuhi kwa mtindi na achari.

Kwa kuwa inataka unga wa kununua, mafuta na muda mrefu wa kusukuma, chapati ya huku ilipata cheo. Katika familia nyingi za Kenya ni chakula cha Krismasi na cha mgeni wa heshima. Mijini imeshuka tena ikawa chakula cha haraka: Kampala chapati huviringishiwa mayai ya kukaanga, ikaitwa rolex, au hukatwakatwa na kuchanganywa na maharage, ikaitwa kikomando. Wanafunzi na vibarua hula hivyo asubuhi au usiku, wakati wowote njaa inapobana.

Kusini mwa India asubuhi ni ya mchele. Mchele na choroko nyeusi huloweshwa, husagwa na kuachwa vichachuke usiku kucha. Uji mzito unaopatikana hupikwa kwa mvuke kuwa idli, au humwagwa juu ya chuma cha moto kuwa dosa nyembamba. Aliyezoea vitumbua vya pwani ataielewa kazi hiyo mara moja, kwa sababu navyo huanzia kwenye mchele uliolowekwa jana yake.

Mchana

Biriani na pilau ni vyakula vya mchana, wakati ambapo watu wengi hukaa pamoja. Tofauti yao ni ya jikoni. Katika pilau, kitunguu hukaangwa mpaka kiwe cha kahawia, nyama huungwa kwa thomu, tangawizi, bizari nyembamba, iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga, kisha mchele huivia ndani ya supu hiyohiyo. Katika biriani, nyama na mchele huandaliwa mbali mbali na kukutana mwishoni. Huko Hyderabad sufuria hupangwa tabaka za nyama na mchele uliochemshwa nusu, mfuniko hugandishwa kwa unga uliokandwa ili mvuke usitoke, na makaa huwekwa chini na juu. Watu wa pwani walishika kanuni ya kupalia makaa, ila kwa kawaida biriani yao hupakuliwa wali chini na rojo lake juu.

Mombasa na Unguja, biriani ni ya mchana wa Ijumaa baada ya sala, ya Idi na ya arusi. Pilau nayo hupikwa katika arusi, maulidi na kila penye hadhara kubwa, kwani sufuria moja hulisha watu wengi bila mboga ya pili. Kachumbari na ndizi mbivu vyatosha kando.

Chakula cha siku ya kawaida, na cha mgonjwa, ni kichdi: mchele na dengu au choroko vilivyopikwa pamoja mpaka vilainike. India hupewa mtoto anayeanza kula na mtu mwenye tumbo bovu. Ndugu yake wa pwani ni mseto, wali wa choroko unaoliwa na samaki au mchuzi.

Alasiri na jioni

India msimu mkubwa wa mvua huanza Juni na kwisha Septemba. Mvua inaponyesha, nyumba nyingi hukaanga bajia: vipande vya kitunguu, viazi au pilipili vilivyochovywa katika unga wa dengu, vikaliwa moto na chai ya maziwa. Afrika Mashariki bajia haingoji mvua. Unguja kuna bajia za kunde zilizosagwa, na kuna urojo, bakuli la supu ya ukwaju na embe bichi lenye bajia, kachori, viazi na chatini, linaloanza kuuzwa alasiri.

Sambusa ilitoka Uajemi na Asia ya Kati kabla ya kufika India. Huko ndani yake mara nyingi huwa na viazi na njegere, ingawa kiazi, kama pilipili, kilitoka Amerika kwa merikebu za Wareno. Huku watu wengi hupendelea nyama ya kusaga iliyokaushwa vizuri na kutiwa kitunguu na giligilani, ndani ya manda nyembamba. India huliwa na chai siku zote za mwaka. Pwani huliwa pia siku zote, lakini mwezi wa Ramadhani ndio msimu wake, maana ni chakula chepesi cha kufungulia kabla ya futari kubwa.

Siku kuu za mwaka

Nchini India kalenda ya mapishi hufuata jua, mwezi na dini. Katikati ya Januari, kwenye sikukuu ya Makar Sankranti, watu wa kaskazini hula kichdi na ladu za ufuta na sukari guru. Siku hizohizo Watamil husherehekea Pongal kwa kuchemsha mchele mpya na maziwa mpaka yafurike, ishara ya neema ya mavuno. Majira ya baridi, watu wa Punjab hupika majani ya haradali mpaka yawe laini kabisa na kuyala na mkate wa unga wa mahindi, chakula ambacho mlaji wa bugali na sombe hatakiona kigeni. Mwezi wa Agosti au Septemba watu wa Kerala husherehekea Onam kwa karamu ya mboga nyingi zilizopangwa juu ya jani la mgomba. Oktoba au Novemba, mwezi ukiwa gizani, huja Diwali, sikukuu ya taa, na majirani hupelekeana sinia za vitu vitamu: ladu, barfi na jalebi.

Waislamu wa India hufuata kalenda ya mwezi. Hyderabad hufungua saumu kwa halim, nyama na ngano zilizopondwa kwa saa nyingi, jamaa ya bokoboko la pwani. Asubuhi ya Idi ndogo hula tambi tamu zilizopikwa kwa maziwa na tende. Waswahili nao wana tambi zao, za sukari, iliki na nazi, katika Ramadhani na Idi.

Katika jiko la Maniema

Kwa mpishi wa Kindu, Tunda au Kasongo, vyakula hivi havina ugumu uleule. Pilau na mseto ndivyo vilivyo karibu zaidi, kwa sababu mchele hulimwa jimboni. Panapokosekana choroko, kunde hufaa. Samaki wa mto Lualaba hufaa mchuzi wa Kihindi wa nyanya, tangawizi, thomu na manjano, chakula cha mchana wa siku yoyote. Samli inaweza kuachwa, lakini mafuta ya mawese yana rangi na ladha kali. Kwa pilau ni afadhali mafuta ya karanga. Chapati na sambusa hutegemea ngano, ambayo haistawi katika joto la Maniema na lazima isafirishwe kutoka mbali, kwa hiyo ni busara kuziweka kwa wageni, arusi na Idi. Bajia za kunde hazihitaji ngano hata kidogo: kunde huloweshwa usiku, humenywa, husagwa na kitunguu na pilipili, kisha hukaangwa alasiri. Biriani, inayotaka nyama nyingi, bizari nyingi na mikono mingi, hubaki chakula cha siku ambayo jamaa wote wamekusanyika.