Ng'ombe Wanapotupa Mimba Baada ya Mvua

Ng'ombe mmoja akitupa mimba katika boma la Tarime au Serengeti, ni hasara ya familia. Wakitupa wengi kwa mpigo baada ya mvua kubwa, ofisa mifugo apigiwe simu siku hiyo hiyo: huenda ni Homa ya Bonde la Ufa.

Ugonjwa huu ulielezwa kisayansi mwaka 1931, baada ya kuua kondoo karibu na Ziwa Naivasha, Kenya. Mayai ya mbu wanaoueneza huweza kukaa miaka katika udongo mkavu yakiwa na virusi. Mafuriko yakija, huanguliwa. Mwaka 2007 uliua zaidi ya watu 100 nchini Tanzania, Dodoma na Morogoro zikiumia sana.

Mbu huambukiza watu, lakini hatari kubwa iko mikononi: kuchinja mnyama mgonjwa, kumzalisha, kushika ndama aliyetupwa. Tofauti na Marburg iliyozuka Kagera mwaka 2023, haijathibitishwa kwamba mtu humwambukiza mwenzake.

Wengi huugua homa na maumivu ya mwili, wakapona. Wachache hutokwa damu. Wengine hupoteza uwezo wa kuona.

Dawa mahususi haipo, ila kukimbilia hospitali si kazi bure. Maji ya mishipa, damu, oksijeni na mashine ya kusafisha damu figo zikishindwa huokoa maisha. Homa itulizwe kwa parasetamo. Aspirini na ibuprofeni huzidisha kutoka damu.

Mifugo ina chanjo, nayo itolewe kabla ya mlipuko. Ukishaanza, sindano moja ikipita ng'ombe hadi ng'ombe inaweza kusambaza virusi zizi zima.